Kutuma kazi ya kwanza kwenye klasta ya pamoja: mwongozo kwa wanafunzi na walimu wa Unguja na Pemba

Kila muhula maswali ni yale yale. "Mwalimu, nimeshaingia kwenye seva, sasa nabonyeza wapi modeli ianze?" "Mwalimu, kazi yangu imeandikwa PD tokea jana, nimekosea nini?" "Nikizima laptopu kazi inakufa?" Nimeyajibu kwenye WhatsApp, nimeyajibu barazani, nimeyajibu hata ndani ya boti ya Pemba. Sasa nayaweka pahala pamoja.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unasoma au unafundisha SUZA, Zanzibar University, Sumait, kampasi ya IIT Madras ya Bweleo, au chuo chochote cha kwetu, na unataka kufunza modeli ya akili mnemba ambayo laptopu yako haiwezi kuibeba. Klasta ni kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja, baadhi zikiwa na kadi za GPU (kadi zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo), zinazotumiwa na vyuo vingi kwa foleni. Nadharia inatosha hapo.

Mfano nitakaokwenda nao ni mmoja: una saa 40 za mahojiano ya Kipemba, na unataka kuifunza Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, isikie Kipemba vizuri zaidi. Ukiwa na picha za droni za majumba, au picha za mwani wa Paje, hatua hazibadiliki.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Mradi wenye mtafiti mkuu. Vituo vingi havimpi akaunti mwanafunzi aliye peke yake. Mwalimu wako ndiye anayeomba, wewe unaingia chini ya mradi wake.
- Ruhusa ya data. Bibi wa Konde aliyekubali umrekodi kwa utafiti wako, je, alikubali sauti yake ihifadhiwe kwenye seva ya nchi nyengine? Kama fomu ya ridhaa haikusema, rudi ukamuulize. Hili silisamehi, hata kama tarehe ya kuwasilisha imekaribia.
- Laptopu yoyote inayowaka. Hesabu haifanyiki kwako, kwa hiyo kumbukumbu ya GB 4 inatosha.
- Terminali, dirisha la kuandikia amri. Kwenye Linux na Mac ipo. Kwenye Windows 10 au 11, weka WSL yenye Ubuntu (Linux inayokaa ndani ya Windows), maana utahitaji rsync, programu ya kuhamisha faili, na PowerShell haina.
- Sampuli ya dakika 10 za sauti na maandishi yake, mbali na data kamili. Hii ndiyo itakayokuokoa.
- Bando. Hesabu yake ipo hatua ya 4. Isome kabla hujanunua.

Hatua kwa hatua

1. Omba akaunti, na uombe kidogo. Fomu itakuuliza utatumia saa ngapi za GPU na hifadhi kiasi gani. Usijaze namba kubwa ili uonekane una mradi mkubwa. Wanaopitia maombi wanajua hesabu, na ombi lenye maelezo ya sentensi tatu ("Whisper small, saa 40 za sauti, majaribio sita ya saa tano kila moja") hupita kuliko ombi la saa 5,000 lisilo na sababu.

Uliza mapema klasta hiyo inaendesha foleni kwa programu gani. Nyingi hutumia Slurm, na amri za mwongozo huu ni za Slurm. Lakini Lengau, klasta ya kituo cha CHPC kule Cape Town iliyozinduliwa mwaka 2016, inatumia PBS: huko unatuma kazi kwa `qsub` badala ya `sbatch`, unatizama foleni kwa `qstat` badala ya `squeue`, na unafuta kwa `qdel` badala ya `scancel`. Mistari ya juu ya skripti nayo huandikwa tofauti. Mengine yote ni yale yale.

2. Tengeneza ufunguo. Kwenye terminali ya laptopu yako:

    ssh-keygen -t ed25519

Ikikuuliza nywila ya ufunguo, weka. Utapata faili mbili. Ile inayoishia na `.pub` ndiyo unayowapelekea wasimamizi. Ile isiyo na `.pub` haiondoki kwenye laptopu yako: haiendi kwa mwalimu wala kwa mwenzako aliyechelewa kupata akaunti, wala kwenye kundi la darasa. Mtu akitumia ufunguo wako vibaya, anayefungiwa ni wewe, na mara nyengine mradi mzima.

Kisha fungua faili `~/.ssh/config` uandike:

    Host klasta
        HostName anwani.uliyopewa
        User jina_lako
        ServerAliveInterval 60

Mstari wa mwisho husaidia muunganisho usikatike unapokaa kimya. Kuanzia hapo unaingia kwa `ssh klasta` tu.

3. Ingia, kisha ujue umesimama wapi. Pahala unapofikia panaitwa nodi ya kuingilia. Ifikirie kama baraza ya nyumba: wageni wote hupita hapo, na hakuna anayepika barazani. Ukiendesha programu yako ya kufunza, `python funza.py`, hapo hapo, utawapunguzia kasi watu wa vyuo vingine vyote, na msimamizi ataiua kazi yako. Hapo unahariri faili, unahamisha data na kutuma kazi, basi.

Angalia pia hifadhi zako. Kwa kawaida utakuwa na folda ya nyumbani, ndogo lakini ya kudumu, na folda ya muda inayoitwa scratch, kubwa na yenye kasi, ambayo faili zake hufutwa baada ya siku fulani bila ya kuulizwa. Data ya kufunzia iweke scratch. Skripti zako ziweke nyumbani. Matokeo usiyaache scratch ukaenda likizo ya Mfunguo Mosi.

4. Punguza data kabla ya kuipeleka. Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Kinasa sauti cha kawaida huhifadhi WAV ya 44,100 Hz, njia mbili, biti 16. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde, karibu MB 635 kwa saa. Saa 40 zinafika GB 25. Whisper yenyewe inaisoma sauti kwa 16,000 Hz, njia moja. Ukiigeuza kabla, saa moja inakuwa MB 115, na saa 40 zote GB 4.6. Modeli haipotezi kitu, maana ziada ile ingetupwa huko huko. Programu ya ffmpeg inaigeuza hivi:

    ffmpeg -i asili.wav -ac 1 -ar 16000 safi.flac

FLAC hubana tena bila ya kuharibu sauti. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, GB 25 zinakula zaidi ya saa 11, GB 4.6 zinakula saa mbili. Nakala za asili zibaki kwako, kwenye diski mbili tofauti. Usifute.

5. Peleka. Faili elfu tano ndogo ndogo huenda polepole kuliko faili moja kubwa, na baadhi ya klasta zina kikomo cha idadi ya faili. Funga kwanza, halafu peleka:

    tar -cf sauti.tar sauti/
    rsync -avP sauti.tar klasta:/njia/ya/scratch/

Herufi `-P` ndiyo yenye thamani kwetu. Intaneti ikikatika katikati, rudia amri ile ile na rsync itaitumia sehemu iliyokwishafika. Anayetumia `scp`, amri nyengine ya kunakili, huanza upya. Nimemuona kijana Chake Chake akianza upya mara nne katika usiku mmoja, bando likaisha kwenye asilimia 80.

Ikishafika yote, ifungue huko kwenye klasta kwa `tar -xf sauti.tar`.

Modeli yenyewe usiishushe kwenye laptopu kisha ukaipandisha. Ishushe moja kwa moja ukiwa kwenye klasta. Bando lako haliguswi.

6. Andaa mazingira ya programu. Tizama kilichopo kwanza:

    module avail
    module load python

Majina hutofautiana, kwa hiyo soma orodha. Kisha:

    python -m venv ~/mazingira
    source ~/mazingira/bin/activate
    pip install torch transformers datasets

Fanya haya kwenye nodi ya kuingilia, kwa sababu kwenye klasta nyingi nodi za GPU, yaani kompyuta zenye kadi, hazina intaneti. Kwa sababu hiyo hiyo modeli iwe imeshashuka kabla kazi haijaanza. Elekeza hifadhi ya Hugging Face (tovuti ambako modeli inashushwa) kwenye scratch, la sivyo folda ya nyumbani itajaa siku ya kwanza:

    export HF_HOME=/njia/ya/scratch/hf

Ndani ya skripti ya kazi urudie mstari huo, uongeze `export HF_HUB_OFFLINE=1`, ili programu isikae ikitafuta intaneti isiyokuwapo.

7. Jua modeli yako itaenea. Kufunza modeli kwa njia ya kawaida, biti 32 na Adam (kanuni inayorekebisha modeli inapojifunza), hula takriban baiti 16 kwa kila kigezo, yaani kila namba ambayo modeli hujifunza, kabla hujahesabu data inayopita ndani. Whisper small ina vigezo milioni 244: karibu GB 4. Whisper large ina milioni 1,550: karibu GB 25. Kadi ya GB 16 inaibeba ya kwanza kwa raha, ya pili haiingii bila ya mbinu za kupunguza. Modeli ya lugha ya vigezo bilioni 7 inataka GB 14 kwa kupakiwa tu kwa biti 16, na zaidi ya GB 100 kwa kuifunza nzima kwa njia ya kawaida. Anza na ndogo. Naamini kwa dhati kwamba modeli ndogo iliyofunzwa kwa data safi ya Kipemba inamfaa mtu wa Wete kuliko kubwa ambayo haikumaliza kufunzwa.

8. Jaribu kwa dakika 20. Usiruke hatua hii. Omba GPU moja kwa muda mfupi:

    srun --partition=gpu --gres=gpu:1 --time=00:20:00 --pty bash

Ukishaingia, andika `nvidia-smi` uone kadi, kisha endesha programu yako kwa ile sampuli ya dakika 10. Unatafuta mambo matatu: haivunjiki, inaitumia GPU kweli, na hatua 100 za mafunzo zinachukua dakika ngapi. Tuseme dakika 2, na mafunzo kamili ni hatua 12,000. Hiyo ni dakika 240, saa nne. Utaomba saa tano. Ukimaliza andika `exit`. Ukiacha kikao wazi ukaenda kusali na kula, kadi inakaa bure na mwenzako wa Dodoma au Kampala anasubiri.

9. Andika skripti. Faili `kazi.sh`:

    #!/bin/bash
    #SBATCH --job-name=kipemba
    #SBATCH --partition=gpu
    #SBATCH --gres=gpu:1
    #SBATCH --cpus-per-task=4
    #SBATCH --mem=24G
    #SBATCH --time=05:00:00
    #SBATCH --output=ripoti/%x-%j.txt

    module load python
    source ~/mazingira/bin/activate
    export HF_HOME=/njia/ya/scratch/hf
    export HF_HUB_OFFLINE=1
    python funza.py

Mistari miwili inawatega wageni. `--time=05:00:00` ni muda wa kazi, saa tano nzima; haihusiani na saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaulizwa mara nyingi, na si swali la kijinga kwa sisi tunaohesabu saa kwa jua. Ndani ya ripoti ukiona 22:15, hiyo ni saa nne na robo usiku, na kama klasta ipo Afrika Kusini basi ni saa yao, iliyo nyuma yetu kwa saa moja.

Mtego wa pili ni folda `ripoti`. Iunde kwa `mkdir ripoti` kabla ya kutuma. Isipokuwapo, kazi hufa bila ya kukuachia neno hata moja.

Kwa nini usiombe saa 48 na GPU nne, kwa usalama? Kwa sababu ya namna foleni inavyopakia. Meli ya Wete ikingojea shehena kubwa, kifurushi kimoja hupenyezwa kwenye nafasi iliyobaki, na mwenye magunia mia ya karafuu anasubiri safari ijayo. Slurm hufanya hivyo hivyo: kazi fupi na ndogo hujazwa kwenye mianya. Ombi la saa tano na GPU moja huweza kuanza usiku wa leo, la saa 48 na GPU nne likaanza Jumatatu. Na GPU nne haziongezi kasi yoyote kama programu yako haikuandikwa kuzitumia.

10. Weka chekipointi. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeumia. Miaka ya nyuma nilifunza modeli kwa karibu siku mbili, nikaomba muda mfupi kuliko uliohitajika, na sikuhifadhi chochote njiani. Muda ulipofika Slurm ikaikata, kama ilivyopaswa. Sikubaki na hata faili moja, na saa za GPU za mradi zikawa zimeliwa, saa ambazo wenzangu wawili walikuwa wakizitegemea.

Chekipointi ni nakala ya modeli inayohifadhiwa kila baada ya hatua kadhaa za mafunzo ili uendelee ulipoachia. Kwenye maktaba ya transformers weka `save_steps=500` na `save_total_limit=2`. Kikomo hicho cha mbili ni muhimu: chekipointi moja ya Whisper small pamoja na hali ya Adam ni karibu GB 3, ukiweka ishirini unajaza hifadhi. Kuendelea ni kwa `resume_from_checkpoint=True`, lakini angalia: mara ya kwanza, wakati hakuna chekipointi, mpangilio huo unaleta hitilafu. Andika programu ikague folda kwanza. Kuna kitendaji `get_last_checkpoint` kwa kazi hiyo.

Kisha ijaribu. Tuma kazi ya dakika 15, iache ikatwe, itume tena, uone kama inaanza pale ilipofika. Chekipointi ambayo hujawahi kuirudia usiitegemee.

11. Tuma, halafu zima laptopu.

    sbatch kazi.sh
    squeue -u $USER

Utapewa namba ya kazi, iandike. Herufi `PD` maana yake inasubiri, `R` inaendelea. Tokea hapo kazi ni ya klasta, si ya laptopu yako. Umeme ukikatika Mkoani, kazi inaendelea. Sisi tuliokaa gizani Unguja tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, tunajua thamani ya kazi isiyotegemea soketi ya chumbani kwako.

Kufuata ripoti inavyoandikwa: `tail -f ripoti/kipemba-NAMBA.txt`. Kufuta kazi uliyoikosea: `scancel NAMBA`. Ifute mara tu unapojua umekosea, usiiache imalize.

12. Rudisha matokeo, safisha. Shusha modeli ya mwisho peke yake, karibu GB 1 kwa Whisper small, pamoja na ripoti. Chekipointi zibaki huko mpaka uhakikishe kilichoshuka kinafunguka, kisha futa. Sauti za watu nazo ziondoe scratch siku mradi unapokwisha, kama ulivyowaahidi.

Kwa mwalimu mwenye darasa

Wanafunzi 40 wakituma kazi saa nne asubuhi ya Jumanne, na GPU zilizo wazi ni nne, 36 watatizama foleni mpaka kipindi kiishe. Waandikie wasimamizi wiki moja au mbili kabla, uombe GPU zitengwe kwa saa za somo. Utapewa jina la kuweka kwenye `--reservation`. Kwa zoezi la nyumbani, kusanya kazi zote katika safu moja: `--array=1-40%4` inaendesha kazi 40, nne nne kwa wakati. Na somo la mwanzo halihitaji GPU hata kidogo. Mwanafunzi ajifunze kutuma skripti inayochapisha jina lake, aone PD, aone R, asome ripoti. Wiki ya pili ndipo aguse modeli.

Ikikwama

*"Permission denied (publickey)."* Ama wasimamizi hawajaweka ufunguo wako, ama upo kwenye laptopu nyengine, ama jina la mtumiaji silo. Endesha `ssh -v klasta` usome ni ufunguo gani unaojaribiwa.

*Kazi ipo PD muda mrefu.* Soma sababu mwishoni mwa mstari wa squeue. `Priority` na `Resources` ni foleni ya kawaida, subiri. Neno lenye `QOS` au `Assoc` linasema umegonga kikomo chako au cha mradi. Muulize mtafiti mkuu. `ReqNodeNotAvail` mara nyingi ni matengenezo yanayokuja, na muda ulioomba unayaingilia: punguza `--time`. Usiifute kazi ukaituma upya kila saa, unarudi nyuma ya foleni.

*"DOS line breaks."* Skripti uliiandika kwa Notepad. Endesha `dos2unix kazi.sh`.

*"CUDA out of memory."* Kumbukumbu ya GPU imejaa. Punguza ukubwa wa bachi (idadi ya sampuli zinazopita kwa pamoja) kwa nusu, na uongeze mara mbili `gradient_accumulation_steps` ili mafunzo yabaki vile vile. Kuongeza `--mem` hakusaidii hapa.

*OUT_OF_MEMORY kwenye sacct, amri inayoonesha kazi zilizokwisha.* Hiyo ni kumbukumbu ya kawaida, na hapa ndipo `--mem` inapohusika. Angalia ulitumia kiasi gani:

    sacct -j NAMBA --format=JobID,State,Elapsed,MaxRSS,ReqMem

*TIMEOUT.* Muda umeisha. Kama ulifuata hatua ya 10, itume tena tu.

*Inakwenda polepole ajabu.* Andika ndani ya programu `print(torch.cuda.is_available())`. Ikitoa False, torch uliyoweka haiioni GPU, au umesahau `--gres`. Ikitoa True, basi GPU inangojea data: ongeza wasomaji wa data hadi idadi ya `--cpus-per-task`.

*"Disk quota exceeded."* Karibu kila mara ni folda `~/.cache`. Ipime kwa `du -sh ~/.cache`, kisha rudi hatua ya 6.

Ukishindwa kabisa, waandikie wasimamizi wa klasta. Barua yako iwe na namba ya kazi, skripti nzima, mistari 20 ya mwisho ya ripoti, na ulichokwishajaribu. Nakili maandishi yenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haisomeki wala haitafutiki, na atakayekujibu itabidi akuombe upya yale yale.